Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: fedha za usalama wa shule zianze na mlango wa bweni

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Mkoa wa Mtwara.

YAH: MATUMIZI YA FEDHA MPYA ZA USALAMA WA SHULE NA UNUNUZI WA MALANGO YA KUTAMBUA SILAHA

Somo la hapo juu lahusika.

Mimi ni mzazi mwenye binti katika shule ya sekondari ya kata iliyomo ndani ya halmashauri unayoiongoza, na ni mjumbe wa bodi ya shule hiyo. Nimelazimika kukuandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani tumeshaifuata hadi ilipoishia. Bodi ilikuandikia kupitia kwa Mkuu wa Shule na Afisa Elimu Kata. Barua ikapokelewa masijala, nakala yetu ikagongwa muhuri, na kila tulipofuatilia tuliambiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Baadaye niliomba kwa maandishi kuona mchanganuo wa fedha hizi, nikitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu mwombaji. Muda huo umepita bila taarifa, na bila hata barua ya kunikatalia, ambayo angalau ingenipa mahali pa kuanzia kuomba mapitio.

Shule sitaitaja kwa jina, kwa sababu sehemu ya nitakayoyasema inahusu milango na pembe zisizo na mlinzi, na hayo si mambo ya kumtangazia mtu mwenye nia mbaya. Wewe unaijua. Barua ya bodi imo katika majalada yako.

Nianze kwa kushukuru, na shukrani hii siitoi kwa ajili ya adabu tu. Kwa miaka mingi usalama wa wanafunzi katika bajeti zetu umekuwa ukidandia kifungu cha ukarabati au cha dharura, ukisubiri janga litokee ndipo ukumbukwe. Kutengewa fedha zake wenyewe ni hatua kubwa, hasa katika mkoa ambao mapato ya ndani ya halmashauri zake yanategemea sana ushuru wa korosho, na kwa hiyo hupanda na kushuka pamoja na bei ya mnadani. Kinachotusumbua ni namna fedha hizo zilivyopangwa. Katika kikao cha wadau tulielezwa kwamba sehemu kubwa itanunua malango ya kutambua silaha, vifaa vya ukaguzi vya mkononi, na kamera zenye programu ya akili mnemba inayodaiwa kumbaini mtu mwenye silaha kabla hajafika darasani. Uzio, walinzi na mabweni vilitajwa katika sentensi moja, navyo vikawekwa katika awamu zijazo. Tulielezwa pia kwamba maandalizi ya ununuzi yameshaanza, na ndiyo maana siwezi kuendelea kusubiri majibu ya masijala.

Ninaielewa hofu iliyozaa mpango huu. Sisi tunaoishi upande wa Mto Ruvuma hatuhitaji kuelezwa kwamba silaha zinaweza kumfikia raia nyumbani kwake. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, katika Wilaya ya Mtwara, kilivamiwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 zikaja habari za kuvamiwa kwa mji wa Palma, ng'ambo ya mto. Shule na vyuo vya Afrika Mashariki navyo vimeshambuliwa. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, waliuawa watu 148. Mpondwe, magharibi mwa Uganda, Juni 2023, waliuawa watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Lakini ukiyatazama matukio hayo kwa makini utaona kwamba wavamizi hawakuficha silaha mifukoni wakapanga foleni langoni. Garissa walianza kwa kuwapiga risasi walinzi wa lango. Mpondwe walikuja usiku wakachoma bweni. Lango la kutambua silaha hubaini silaha iliyofichwa na mtu ambaye amekubali kukaguliwa. Kundi linalokuja na bunduki waziwazi ni kazi ya Jeshi na Polisi, na wajibu wa shule katika hali hiyo ni kuwa na watu wa kutoa taarifa mapema na milango ya kukimbilia. Vyote viwili havimo katika orodha ya manunuzi tuliyosomewa.

Hoja zetu ni hizi.

1. Lango linakwenda kusimikwa mahali pasipo na uzio.

Shule yetu, kama sekondari nyingi za kata katika mkoa huu, iko wazi pande zote. Upande mmoja mpaka wake ni mikorosho ya jirani. Upande wa nyuma kuna njia ya miguu inayokatiza kati ya jiko na vyoo vya wasichana, na njia hiyo ilikuwepo kabla ya shule kujengwa. Msimu wa palizi na wa kuokota korosho hupita humo, tangu alfajiri, watu wenye panga na majembe begani, baiskeli zilizopakia magunia, na bodaboda wanaokwepa mashimo ya barabara kubwa. Ni majirani zetu wanaokwenda kutafuta riziki, na sina la kuwalaumu. Swali langu ni dogo: mhandisi wa halmashauri akija kusimika lango, atalisimika wapi? Mwanafunzi mwenye kisu ambaye hataki kukaguliwa atazunguka hatua chache, apite chini ya mikorosho, na kumkuta mwenzake mwenye utii akivua mkanda mbele ya mashine.

2. Chuma kingi kinachoingia shuleni kimeagizwa na shule yenyewe.

Naomba uchukue fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ya shule yoyote iliyo chini yako. Utakuta jembe na mpini wake, fyekeo au panga, reki, ndoo na ufagio. Mzazi asiyevileta hivyo mtoto wake hurudishwa nyumbani. Siku ya shamba na siku ya usafi watoto huja navyo mikononi, na siku za kawaida hubeba mkebe wa hisabati wenye bikari, ambayo ncha yake inatosha kumjeruhi mtu jicho.

Lango la kawaida la ukaguzi hufanya kazi kwa kutengeneza uga wa sumaku katikati ya nguzo zake. Chuma kikipita, uga huo huvurugika na kengele hulia. Mashine hupima ukubwa wa chuma, umbo lake na jinsi kilivyolala mwilini. Haipimi nia. Ukiiongeza ukali italia kwa bikari, kwa mkanda, kwa chakula kilichofungwa katika kopo. Ukiipunguza, kisu chembamba kitapita. Mwendeshaji mwenye uzoefu hujifunza kuchagua mahali pa kati, na bado huhitaji kumpekua kwa mkono kila aliyepigiwa kengele. Kwa hali ya shule zetu, siku ya shamba kengele italia kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa mwisho, na kufikia wiki ya pili mwalimu wa zamu ataizima. Halmashauri ikijenga stoo ya zana yenye daftari la kutoa na kurudisha, ikazuia panga na mafyekeo kubebwa njiani kila mara, itakuwa imepunguza silaha zinazoweza kushikwa na mtoto mwenye hasira kuliko mashine yoyote, kwa gharama ya chumba kimoja na kufuli.

3. Hesabu ya foleni, watu na umeme haikufanywa, au haikuonyeshwa.

Chukua shule ya wanafunzi 600. Kila mmoja akitumia sekunde 10 tu kupita, kutoa vitu mfukoni na kuvirudisha, zinahitajika sekunde 6,000, yaani dakika 100 kwa lango moja. Wanaotakiwa kuwa mstarini saa 1:30 asubuhi watalazimika kuanza kukaguliwa kabla ya saa 12 haijafika, wakati wengine ndiyo kwanza wanatoka vijiji jirani gizani. Tukiwahimiza wawahi zaidi tutakuwa tumewaongezea wasichana hatari ya njiani, ambayo ni hatari iliyo halisi kuliko ile tunayoikagua.

Kuna pia suala la nani atasimama hapo. Msichana hapaswi kupekuliwa na mwanamume. Kwa hiyo kila lango linahitaji angalau watu wawili waliofunzwa, kila siku ya masomo, kwa mishahara ya kudumu. Umeme ukikatika, na kukatika kwake hakuhitaji ushahidi kutoka kwangu, nguzo mbili zitabaki zimesimama tu. Zikiharibika, fundi atatoka Dar es Salaam kwa posho ya safari. Hayo yote ni gharama za uendeshaji, na katika maelezo ya kikao tulisikia bei ya kununua peke yake.

4. Huko vilikotengenezwa, vifaa hivi vimeshawaangusha walionunua.

Marekani wana tatizo la kweli la bunduki shuleni na wametumia mamilioni ya dola kwa teknolojia hii. Katika mji wa Utica, jimbo la New York, Oktoba 2022, mwanafunzi wa sekondari ya Proctor alichomwa kisu na mwenzake aliyekuwa amepita na kisu hicho katika mashine mpya za kampuni ya Evolv. Novemba 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliishtaki kampuni hiyo kwa madai ya kutia chumvi kuhusu uwezo wa mashine zake, na katika makubaliano yaliyofuata baadhi ya shule zikapewa nafasi ya kuvunja mikataba yao. Kamera za akili mnemba nazo zina historia yake. Januari 2025, katika sekondari ya Antioch mjini Nashville, mfumo wa aina hiyo haukuiona bunduki iliyomuua mwanafunzi, kwa sababu haikuonekana vizuri mbele ya kamera. Oktoba mwaka huohuo, katika Kaunti ya Baltimore, mfumo wa namna hiyo uliutafsiri mfuko wa Doritos kuwa bunduki, na kijana wa miaka 16 akafungwa pingu na polisi waliokuja na silaha.

Sisemi kwamba teknolojia hii haifai popote. Viwanja vya ndege na baadhi ya mahakama huitumia kwa mafanikio kwa sababu kuna njia chache za kuingilia, wafanyakazi waliofunzwa na umeme wa uhakika. Ninachosema ni kwamba muuzaji akikuletea kijarida chenye picha nzuri, unayo haki, na wajibu, wa kumuuliza kuhusu Utica. Na ukifika hapo umuulize pia kuhusu Uvalde, Texas, ambako Mei 2022 waliuawa wanafunzi 19 na walimu wawili: muuaji aliingia kupitia mlango wa nje ambao ulikuwa umefungwa lakini haukujiloki. Komeo la mlango huo lingekuwa na thamani kuliko kamera zote.

5. Bweni.

Hoja hii ndiyo iliyonitoa nyumbani, na ningeweza kuandika hii peke yake.

Bweni la wasichana la shule yetu lilijengwa kwa nguvu za wananchi. Lina mlango mmoja. Mlango huo hufunguka kwa ndani, na kitanda cha kwanza kiko karibu nao kiasi kwamba ubao wake hugonga chuma cha kitanda kabla haujafunguka wote. Madirisha yamewekewa nondo zilizochomelewa moja kwa moja katika fremu. Saa nne usiku matroni hufunga kufuli kwa nje, huondoka na ufunguo, na kwenda kulala katika chumba alichopanga ng'ambo ya barabara, kwa sababu nyumba ya matroni haijawahi kujengwa. Ndani wanabaki watoto, na binti yangu akiwa mmojawapo. Umeme ukikatika wenye taa za sola huwasha taa zao, na wasio nazo wanajua kuficha mshumaa, ingawa umepigwa marufuku.

Matroni simlaumu, wala Mkuu wa Shule. Kufuli lile liliwekwa baada ya wanaume kuingia eneo la bweni usiku. Bila uzio na bila mlinzi wa uhakika, kilichobaki mikononi mwa uongozi wa shule ni kufuli, na tumelifanya lifanye kazi ya uzio na ya mlinzi pia. Hatua iliyochukuliwa kuwalinda wasichana dhidi ya mvamizi ndiyo itakayowazuia kutoka siku ya moto.

Na moto, Ndugu Mkurugenzi, umeua wanafunzi wa nchi hii tena na tena. Juni 1994 wasichana wapatao 40 waliteketea bwenini katika sekondari ya Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa, katika moto uliohusishwa na mshumaa. Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Kwa majirani zetu, Septemba 2024 walikufa wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Tangu 2008 mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda iachwe nafasi ya mita 1.2; hata hivyo watoto wameendelea kufa pale ambapo mwongozo umebaki kabatini. Hakuna lango la kutambua silaha ambalo lingemwokoa hata mmoja wa watoto wa Shauritanga, Idodi, Kyerwa au Nyeri.

Yanayohitajika yanaweza kufanywa na fundi wa kuchomelea aliyeko mjini kwetu na fundi seremala. Mlango wa pili upande wa pili wa bweni. Milango yote ifunguke kwa nje na iwe na komeo la ndani linalofunguliwa bila ufunguo. Grili zenye bawaba mahali pa nondo, angalau kwa madirisha mawili kila upande. Vifaa vya betri vya kung'amua moshi, vizima moto vilivyokaguliwa, ndoo za mchanga, kengele ya dharura, na zoezi la kutoka gizani kila muhula. Gari la zimamoto likiitwa kwa namba 114 litatoka mbali, na kwa barabara yetu litakuta kazi imekwisha. Kwa hiyo watoto lazima waweze kutoka wenyewe. Hadi leo bodi haijapata hata makadirio ya gharama ya mlango mmoja, ingawa ndicho kitu cha kwanza tulichokiomba katika barua yetu.

6. Mlinzi halipwi kwa mpangilio wowote.

Tangu ada na michango ya lazima iondolewe Januari 2016, jambo ambalo wazazi tulilipokea kwa furaha na bado tunalishukuru, mlinzi wa shule amebaki bila mwenyewe. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari imekokotolewa kwa Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa shule ya wanafunzi 600 hiyo ni Sh 15,000,000, au Sh 1,250,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa sehemu ya vitabu. Na hapohapo pana chaki, mitihani, umeme, maji, ukarabati na nauli za kufuata shughuli za ofisi. Mlinzi wetu ni mzee aliyepitia mgambo, mwenye tochi, rungu na moyo wa kujitolea. Hulipwa kwa michango ya hiari ya wazazi. Korosho zikiuzwa vizuri anapata chake. Minada ikichelewa anasubiri, na msimu wa kilimo hulazimika kwenda shambani kwake, tena ana haki ya kwenda. Walinzi wawili waliofunzwa, mmoja wa usiku na mmoja wa mchana, wanaolipwa na halmashauri na wenye namba ya simu ya Mkaguzi wa Polisi wa Kata, wangebadilisha usalama wa shule hii ndani ya mwezi mmoja.

7. Heshima na taarifa za watoto.

Hili nitalisema kwa kifupi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utu wa mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka masharti kuhusu kukusanya na kuhifadhi taarifa za watu, picha zao zikiwemo. Hatujaelezwa nani atatazama picha za kamera, zitakaa muda gani, zitahifadhiwa wapi, mtoto atakayekutwa na kitu atashughulikiwa na nani, na mzazi ataitwa saa ngapi. Mtoto anayekutwa na kisu mara nyingi anamwogopa mtu fulani njiani. Akiishia kuchapwa viboko na kufukuzwa, hatutajua alikuwa anamwogopa nani.

Najua majibu yanayoweza kutolewa, na naomba niyatangulie.

Litakuja jibu kwamba fedha zimeshapangwa katika kifungu chake na haziwezi kuguswa. Utaratibu wa uhamisho wa fedha kutoka kifungu hadi kifungu upo, na halmashauri hii imewahi kuutumia kwa mambo madogo kuliko uhai wa watoto. Tena kifungu chenyewe, kwa maelezo tuliyopewa, kinaitwa usalama wa shule, na sioni ni kwa hesabu gani mlango wa bweni unatoka nje ya jina hilo.

Litakuja jibu kwamba huu ni mradi wa majaribio katika shule chache. Majaribio huwa na kipimo. Tuambiwe ni matukio gani ya silaha yaliyowahi kuandikwa katika shule hizo, nini kitahesabiwa kuwa mafanikio, na baada ya muda gani vifaa vitarudishwa visipofaa. Kama daftari la matukio lina wizi wa usiku, wanaume kuzunguka bweni, na wasichana kusumbuliwa njiani wanakokwenda kwenye vyumba vya kupanga, basi daftari hilo ndilo lingepaswa kuandaa bajeti.

Litakuja jibu kwamba uzio wa matofali ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana hatuuombi wote kwa mwaka mmoja. Uzio wa waya na michongoma kuzunguka bweni, jiko na vyoo unaweza kuanza sasa, na njia ya miguu ikahamishwa kwa makubaliano na serikali ya kijiji. Wananchi watatoa nguvu kazi; bodi imeshazungumza nao. Wanachosubiri ni mtaalamu wa kuja kupima.

Litakuja pia jibu kwamba mambo ya usalama ni ya siri. Hatuulizi kamera zitakaa pembe ipi. Tunauliza bei, masharti ya mkataba, muda wa dhamana na gharama za matengenezo, ambayo ni mambo ya ununuzi wa umma.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba yafuatayo yafanyike kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani:

(a) Ununuzi wa malango na kamera usimamishwe kwa sasa, na mchanganuo kamili wa fedha za usalama wa shule ubandikwe katika mbao za matangazo za kata zote zinazohusika.

(b) Mhandisi wa halmashauri, pamoja na ofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wakague kila bweni na kila hosteli ya wanafunzi katika halmashauri, za serikali na za binafsi, na taarifa yao isomwe mbele ya Baraza.

(c) Fedha zilizopo zianze na milango, madirisha na vifaa vya moto vya mabweni. Kisha nyumba za matroni, walinzi na taa za sola. Kisha uzio kwa awamu. Kitakachobaki ndicho kijadiliwe kwa vifaa vya ukaguzi, na viwe vya mkononi kwanza, kwa mitihani na mikusanyiko, chini ya mwongozo wa maandishi uliopitiwa na wazazi na maafisa wa ustawi wa jamii.

(d) Wakuu wa shule waelekezwe kwa waraka kwamba kuanzia siku watakapoupokea, mtu mzima mwenye ufunguo alale ndani ya jengo la bweni au katika chumba kilichopakana nalo, na posho yake itoke halmashauri. Hili halihitaji zabuni.

(e) Barua ya bodi na ombi langu la taarifa vijibiwe kwa maandishi.

Nipo tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayopanga, nikiwa na wajumbe wenzangu wa bodi, na nipo tayari zaidi wewe uje kwetu. Ukija, tunaomba uje saa nne usiku, matroni anapofunga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule,
Mkoa wa Mtwara.

Nakala kwa:
Katibu Tawala wa Mkoa
Mwenyekiti wa Halmashauri
Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri
Diwani wa Kata
Mkuu wa Shule